Kufuli la Mstari wa Tano

2 Februari

Dada Hakimu,

Shikamoo. Wifi yako anakusalimu, na mwanangu anamsalimu shangazi yake. Jino lake la mbele limeng'oka, kila neno analosema sasa linatoka na upepo, na amekataa kabisa kucheka mbele ya wageni. Sisi wengine wazima. Baba je? Naamini anaendelea vizuri mikononi mwako.

Sikupigii simu kwa sababu mara ya mwisho ulinikatia, nami nikakupigia tena ili nikukatie mimi. Nimeona bora turudi kwenye sheria ya baba. Unakumbuka? Mnadi wa watu, anatoka sokoni koo limemkauka, anatukuta tunagombana, anasema kelele za nyumba hii ni zangu peke yangu, ninyi andikianeni. Tukawa tunapitishiana karatasi chini ya mlango. Basi haya, napitisha.

Mchezo wangu umepanda jukwaani, dada! Unaitwa *Mara ya Tatu*. Ni mchezo wa nyimbo, saa tatu pamoja na mapumziko. Kuna mnadi aliyeuza kila kitu cha mji kwa sauti yake, siku moja kiharusi kikamchukulia sauti, na mwanawe akarudi nyumbani kumtunza. Nimemtoa wapi huyo mnadi, unajua mwenyewe.

Juni tunakuja kwenu, siku mbili. Mwenye kundi hakuzunguka mbuyu: ukumbi wenu ukijaa, tunaendelea nao mwaka mzima, usipojaa anaukunja, kila mtu ashike njia yake. Na huo ukumbi wenu haujai mpaka Mstari wa Tano mkae. Wewe, Kinyozi, Mwalimu mstaafu na Fundi Saa. Mji mzima unachungulia kwanza kama nyinyi wanne mmekata tiketi, ndipo nao wanakata. Sikuombi uusifu mchezo. Naomba ukae tu kwenye kiti chako.

Nimekufungia maneno ya wimbo wa mwisho. Watu wanalia kila siku.

Mdogo wako,
Chiriku

*

9 Machi

Chiriku,

Marahaba. Baba hajambo, anakula vizuri. Mwambie mtoto jino litaota, na likiota atacheka mpaka tumkataze. Mimi nipo na cherehani yangu. Shule zimefunguliwa na kila mzazi amegundua siku hiyo hiyo kwamba mwanawe amerefuka, halafu kuna mama mmoja kaleta mapazia ya nyumba nzima anayataka juzi. Ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Umeuliza habari za ukumbi wetu. Usiniulize, nitakuharibia siku. Michezo wanayotuletea siku hizi siiendei hata nikibebwa.

Kuna *Jikoni Kwetu*. Watu wazima, wenye wake na waume zao, wamevaa masufuria. Mwiko kampenda kikombe, kikombe kachumbiwa na sahani. Wanaimba. Halafu kifuniko anakufa, na anachukua robo saa kufa, na robo saa yote hiyo anaimba. Kifuniko! Mtu ambaye kazi yake ni kufunika!

Kuna *Reli, Sehemu ya Tatu*. Sijui nani aliyeomba ya pili. Kuna mwingine unaitwa *Jino*, ambamo mgonjwa yuko kwenye kiti cha daktari wa meno mdomo wazi tangu pazia linafunguka, na bado anaimba. Anaimbaje mdomo wazi, hakuna aliyeeleza. Na kuna ule wa nyimbo za zamani zote zilizowahi kupendwa, wamezishonea kisa kama kiraka cha kitenge kwenye suti. Mimi ni fundi, kiraka nakijua.

Na yote ni mirefu. Mirefu, mirefu, mirefu. Mtu anakata tiketi kama anayelazwa hospitali.

Basi siutaki hata mmoja, na wala sijutii.

Nimeishiwa karatasi. Salamu kwa wifi.

Dada yako

*

16 Machi

Dada,

Shikamoo. Wifi yako ana mafua, mtoto ana mafua, mimi nayasubiri yangu.

Nimesoma barua yako nikatafuta neno moja kuhusu mchezo wangu. Nikageuza karatasi. Nikakagua hata ndani ya bahasha. Umeandika kurasa mbili juu ya kifo cha kifuniko, na mdogo wako wa tumbo moja hujampa hata nukta! Wimbo uliusoma au karatasi yake uliifungia vifungo?

Halafu, unajuaje kifuniko anachukua robo saa kufa, na wewe unasema hukwenda?

Najua unavyonichukulia. Kwako mimi bado ni yule mtoto aliyekuwa akiimba chooni, unagonga mlango nitoke. Lakini mimi si masufuria, dada. Kwangu hakuna kijiko kinachoimba. Nakutumia maandishi yote ya mchezo, mwanzo mpaka mwisho, uyasome kwa nafasi yako jioni, wakati yule mama jirani amekupokea kwa baba. Msalimie sana. Sijui tungefanyaje bila yule mama.

Nijibu mapema. Na unijibu kuhusu MCHEZO.

Chiriku

*

20 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Poleni na mafua. Baba hajambo, anakula vizuri. Cherehani nimeihamishia chumbani kwake, karibu na dirisha, mwanga ni mzuri na hatukai mbalimbali.

Maandishi yako nimeyasoma yote, na wimbo pia. Maneno yamepangika.

Unauliza nilijuaje ya kifuniko. Kinyozi alinisimulia. Kinyozi akisimulia mchezo, hata wewe uliyeutunga utaona umeuona vibaya.

Mama jirani alihama kwenda kwa mwanawe, mwaka juzi huko. Salamu zako sina pa kuzipeleka.

Mwenye mapazia amerudi anasema ni marefu. Nimeyapima mwenyewe, ni dirisha lake lililo fupi. Nimekata, nimepinda, nimeshona upya, na asante hakusema.

Dada yako

*

4 Mei

Dada,

Shikamoo, na nisamehe kama kalamu imetoboa karatasi, ni hasira.

"Maneno yamepangika." Hivyo ndivyo unavyomwambia mtu aliyepanga viatu! Nilikaa na wimbo ule miezi minane. Ungesema ni mbaya ningelala vizuri zaidi.

Lakini sikuandikii hilo. Jana meneja wa ukumbi wenu kampigia mwenye kundi letu. Anasema tiketi hazitoki. Sababu? Mstari wa Tano wametutia kufuli.

Hilo kufuli lenu nalijua, ulinieleza mwenyewe ukicheka mpaka machozi. Kila msimu mnakutana kwenye kibanda cha Kinyozi, kila mmoja ana haki ya kufungia mchezo mmoja, anasema sababu moja mbele ya wenzake, na wote wanne mnaapa kutougusa. Na hakuna wa kulifungua isipokuwa aliyelitia. Nilicheka na mimi. Niliona ni jambo la watu wazima wasio na kazi. Sasa limetua kwangu, nimeacha kucheka.

Ni nani? Ni yule Mwalimu? Tangu zamani hanipendi, alisema nikiimba napiga kelele za mtu aliyekanyagwa. Au ni Fundi Saa? Sababu gani mtu aufungie mchezo ambao haujafika? Nakuomba, dada, na mimi si mtu wa kuomba: nenda kwa huyo mtu, umkalie kooni mpaka alifungue. Tumebakiwa na wiki chache. Waigizaji kumi na wawili wananiangalia kama mimi ndiye niliyefunga mlango.

Nimeweka tiketi mbili za bure ndani. Moja yako, nyingine ya baba. Meneja ameniahidi nafasi ya kiti cha magurudumu pale pembeni. Mlete asikie mwenyewe.

Chiriku

*

15 Mei

Chiriku,

Marahaba.

Ni mimi.

Usimsumbue Mwalimu, maskini ya Mungu, yeye alitaka kuuona. Ni mimi niliyelitia kufuli, siku ile ile maandishi yako yalipofika. Waliniuliza sababu nikasema ni mrefu. Wakaapa bila kubisha, maana kila mtu anajua ni mchezo wa nani.

Tiketi zako hizo nakurudishia. Kiti cha magurudumu pale pembeni! Wewe unafikiri baba anakaa? Baba amekaa mara ya mwisho lini mbele yako? Huwezi kujua, hukuwepo. Asiyekuwepo na lake halipo, lakini lako wewe lipo, limepandishwa jukwaani na linapigiwa makofi.

Umetaka neno kuhusu mchezo, chukua. Nimesoma karatasi zako zote. Kuna mwana anarudi nyumbani kumtunza baba yake. Anamlisha. Anamwosha miguu kwa wimbo wa beti sita, watu wanalia. Nikasema sawa, na mimi niko wapi? Nikatafuta. Nikajipata katika sehemu ya pili: "Anapita dada na chai." Anaimba mstari mmoja, anatoka, harudi tena. Hata kikombe cha *Jikoni Kwetu* kina nyimbo tatu!

Mwanamume yupi alirudi, Chiriku? Nani aliyemwosha nani? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wewe umekitungia wimbo.

Wenye masufuria hawajanikosea kitu. Wako wewe ndio mchezo ambao siutaki kweli.

Baba hajambo.

Dada yako

*

22 Mei

Dada,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikatoka nje, nikarudi, nikaisoma tena. Wifi yako ameniuliza kuna msiba? Nikamwambia bado.

Umenionea. Mchezo si picha ya paspoti. Mwanzoni niliandika watoto wawili, mwongozaji akasema mmoja anatosha, wawili wanamchanganya mtazamaji, nani amlilie nani. Ilibidi nichague. Mimi natunga, nawajua wanaume zaidi kuliko wanawake, nikamchagua wa kiume. Ndiyo dhambi hiyo? Na kama sikuja, wewe hukuniita. Kila barua "Baba hajambo, anakula vizuri". Kila barua! Mtu anayeambiwa hajambo aje kufanya nini? Miaka yote hiyo unakwenda kwenye michezo yako na kundi lako, unarudi unahukumu, nami nasema vizuri, dada anapumzika, baba ana watu, kule mambo yanakwenda. Ulitaka nibashiri?

Naiacha hapa, nimechoka.

*

24 Mei

Ni mimi tena, karatasi ile ile, sikuituma.

Jana baada ya onyesho nilimkuta mtu amejificha nyuma ya nguzo, kofia imeshuka mpaka puani. Kinyozi wenu! Amekuja huku kununua kiti kipya cha kibanda chake, akapita kwenye ukumbi wetu, miguu ikamponyoka. Amevunja kufuli. Alinishika mikono miwili akaniapiza nisikwambie, na ndilo jambo la kwanza ninalokwambia.

Nikamuuliza kwa hasira, dada yangu ana nini na mimi? Akashangaa. Akasema: "Kwani hujui? Dada yako hajakanyaga ukumbini tangu mzee aanguke. Ile michezo yote anayoitukana hajauona hata mmoja. Mimi nikienda kumnyoa mzee namsimulia, na yeye ananiuliza vitu vidogo vidogo, nani kavaa nini, pazia lilikwenda polepole au kwa haraka, huku anamgeuza mzee. Nikimaliza anasema, ah, mchezo wenyewe siutaki."

Sizitaki mbichi hizi. Nilikaa kwenye ngazi za ukumbi, Kinyozi akakaa pembeni yangu na kiti chake kipya.

Mama jirani alihama mwaka juzi, ukaniandikia hilo katikati ya mafua na mapazia, nikalipita. Nimeirudia barua ile. Nimelipita kweli.

Sina wimbo wa hapa. Tutafika kwenu mchana wa onyesho la kwanza. Jioni hiyo mimi nitakaa na baba, wewe nenda. Kama hutaki kuuona wangu, nenda popote, kakae hata kituoni uhesabu magari. Lakini utoke.

Chiriku

*

1 Juni

Chiriku,

Marahaba. Kinyozi amekuja kumnyoa baba, nimemwacha amalize, kisha nimemwonyesha mlango kwa mkasi. Atarudi Jumamosi, hana pengine pa kwenda.

Kwa nini sikukwambia? Sikukwambia. Mimi ni dada mkubwa. Kuna watu wanaoweza kuandika "njoo, nimeshindwa", mimi kalamu yangu haina hayo maneno. Nilikuwa naandika "anakula vizuri" nikitegemea kwamba mtoto wa mnadi atauliza bei. Hukuuliza.

Sijasema nitakwenda. Ila kwa mtu atakayekaa na baba, awe nani awe, haya ndiyo ya kujua.

Hageuzwi kwa kuvutwa mkono, wa kushoto unamuuma. Shika bega na kiuno. Mwambie kwanza, "Baba, tunageuka", yeye si gunia. Mto katikati ya magoti, mwingine mgongoni, shuka isiwe na hata kunyanzi moja chini yake, kunyanzi inafanya kidonda. Supu iwe vuguvugu, kijiko kidogo, upande wa kulia wa mdomo, na usiongeze kabla hajameza. Asipotaka anafumba macho. Usimbembeleze kwa sauti ya mtoto, anachukia, atakufanyizia.

Na kila saa mbili, ageuzwe. Usiku na mchana. Mchezo wako una saa tatu, na kwenda na kurudi ni mguu. Hata ningepata mtu wa kumkalia nusu jioni, haitoshi. Wale wenzangu waliponiuliza sababu nikasema ni mrefu, walidhani naficha jambo. Sikuwa naficha kitu. Ni mrefu.

Onyesho la kwanza linaanza saa ngapi? Nauliza tu.

Dada yako

*

20 Juni

Chiriku,

Marahaba ya mbali, natumaini barua hii itawahi kundi lenu kabla hamjahama na huo mji nao. Baba hajambo. Bega la kushoto lilimuuma siku mbili kwa sababu ulimvuta, nilikwambia usimvute. Limepoa.

Kesho yake ulikuwa na onyesho la pili, kisha mkaondoka alfajiri hatujaongea. Nami ningeongea nini, nilirudi kutoka ukumbini nikakukuta sakafuni supu mpaka kwenye nyusi, baba yuko macho anakutazama kama anayetazama mbuzi asiyefaa kuuzwa. Uliponiona ukaanza kulia, nikaenda kuosha bakuli. Wewe ukilia mimi siwezi kuongea, unajua tangu zamani. Basi naandika.

Nilifika nimechelewa. Nilirudi mlangoni mara tatu kuangalia kama umefunga dirisha. Mstari wa Tano walikuwa wamekaa, maana nilikuwa nimewatumia neno kwamba kufuli nimelifungua, na baada ya kuniona nimekaa nilisikia watu nyuma wananong'ona. Kiti changu kilikuwa na koti la Kinyozi. Nikamuuliza vipi, mbona umeweka koti hapa? Fundi Saa akajibu kwa niaba yake. Kila onyesho, tangu baba aanguke, Kinyozi anakata tiketi mbili, ya kwake na ya koti. Mtu akiomba kukaa anamwambia mwenyewe yuko njiani. Yule mzee mjinga. Nikalichukua koti nikampa, sikuweza kumshukuru, nikamwambia lina harufu ya sabuni ya kunyolea.

Sasa hukumu, maana ndiyo uliyoitaka tangu Februari.

Sehemu ya kwanza ni nzuri. Nasema nzuri, sikusema imepangika. Lile soko lako, wanunuzi wanavyodanganyana kwa macho, yule mnadi anavyoinua mkono kwenye "mara ya pili" na kuuacha hewani mpaka watu wanashindwa kupumua. Alikuwa baba yule! Nilipiga kelele, watu wakageuka. Na kuna wakati pale katikati, Chiriku, nilisahau. Nilisahau kabisa kwamba nina mgonjwa, nina mapazia, nina mguu unaovimba. Nilikumbuka pazia lilipofungwa, na moyo uliniruka kama nimemwacha mtoto sokoni. Nilikuwa nimesahau kwamba kuna kusahau.

Sehemu ya pili, hapana. Inakokota miguu. Mtunzi amesifiwa akatia maji kwenye pombe. Na lile beseni! Mwigizaji wako anammiminia mgonjwa maji miguuni kutoka juu kama anayemwagilia maua. Sakafu nzima ingelowa, na nani angepiga deki? Ukumbi mzima unalia, mimi nikaangua kicheko, Mwalimu akanikanyaga. Maji hayamiminwi. Unalowesha kitambaa, unakikamua, unaanza na kisigino. Na hakuna anayeimba, kwa sababu umeinama na mgongo unakuuma.

Kisha akapita yule dada na chai yake. Ukumbi mzima haukumwona. Mimi nilimwona. Alikuwa amevaa gauni lililoshonwa vibaya begani, na alikuwa amechoka kuliko wote, sijui kama ni uigizaji au njaa. Nilitaka kupanda nimpokee sinia.

Huyo umrudishe. Sikwambii kwa sababu yangu. Nakwambia kwa sababu mchezo wako una tundu na tundu liko pale.

Dada yako

*

30 Juni

Dada,

Shikamoo sana. Mwanangu jino limechungulia, anacheka peke yake mbele ya kioo.

Ukumbi ulijaa siku zote mbili, mwenye kundi amekunjua uso, mchezo unaendelea mwaka mzima. Nimeipata habari hiyo na sikuruka kama nilivyodhani ningeruka.

Niliandika mchezo mzima kuhusu sauti ya baba kwa sababu nilikuwa nauogopa ule ukimya wake. Ndiyo maana sikuja. Nilisema nina mazoezi, nina ziara, mtoto anaumwa. Mtu mwenye mazoezi kila siku huyo anakimbia. Sasa umejua, na hukuwa na haja ya kujua, ulikuwa unajua.

Jioni ile supu aliitema yote. Nilimbembeleza, nikatumia ile sauti uliyonikataza, akanifanyizia. Nikakasirika, dada, nikamkasirikia mgonjwa! Nikamwambia, baba, bakuli hili linauzwa, nani atanunua? Mara ya kwanza. Akafumbua macho. Mara ya pili. Kidole chake cha mkono mzima kikainuka juu ya shuka, kikakaa hewani. Nikasubiri. Hakukishusha, mzee yule hakukishusha, akaniacha nimening'inia vile vile kama alivyokuwa akiwafanyia sokoni. Halafu akafungua mdomo, upande wa kulia. Akala vijiko sita.

Kisha nikasahau kumgeuza kwa wakati, nikamvuta mkono. Ndivyo ulivyonikuta.

Mchezo nimeupasua. Sasa ni binti anayekamua kitambaa, anaanza na kisigino, na haimbi. Ukumbi unanyamaza mpaka unasikia matone. Mwana anakuja mwishoni, anasimama mlangoni na sinia la chai hajui aliweke wapi. Anaimba mstari mmoja. Mwongozaji alikataa, nikamwambia basi nenda kwenye masufuria.

Na hili si la jukwaani: nimeongea na mwenye kundi na wifi yako. Kila mwisho wa mwezi, Ijumaa mpaka Jumapili, nitakuja kukaa na baba. Nimeshakata tiketi ya basi ya Julai. Nimemuuliza meneja wenu mna nini Ijumaa hiyo. Nisamehe, ni *Jikoni Kwetu*. Lakini angalau utatoka.

Chiriku

*

9 Julai

Chiriku,

Marahaba. Baba hajambo. Leo nimeliandika baada ya kumwangalia. Yale ya bakuli kuuzwa nimejaribu na mimi, kidole hakikuinuka, alinitazama tu. Inaelekea mnadi hamwuzii fundi cherehani. Hilo litakuwa lako.

Jana, baada ya kumgeuza baba, nilitoka nusu saa tukakutana kwa Kinyozi, wote wanne, yeye akiwa kwenye kiti chake kipya asichotaka kumpa mteja. Tulimtoza faini kwa kuvunja kufuli: atafagia nywele zake mwenyewe msimu mzima na sisi tukimtazama. La mchezo wako, nililolifungua kwa kutuma neno, nimelifungua rasmi mbele yao. Kisha nikauliza, sasa nina haki ya kutia jingine? Wakasema unayo. Nikalitia kwenye *Jikoni Kwetu*.

Wakanishangaa. Mwalimu akasema, "Lakini sasa una mtu wa kukaa na mzee!"

Nikamwambia ndiyo maana. Muda wote huo nimekuwa nikisema siutaki huu, siutaki ule, na hakuna hata mmoja niliokuwa na uwezo wa kwenda. Hiyo haikuwa kukataa. Hii ndiyo.

Kwa hiyo Ijumaa hiyo njoo vile vile, usithubutu kurudisha tiketi. Utamgeuza baba, bega na kiuno. Mimi nitakuwa sebuleni na chai, miguu juu ya kiti. Saa mbili usiku pazia litafunguka kule mjini, masufuria yataanza kuimba, kifuniko atakufa robo saa nzima, na mimi sitakuwepo kwa kupenda kwangu.

Dada yako,
Hakimu